Mapenzi kwa Pauni 29,000: Kusoma Kanuni za Viza kama Tungo

Maandishi marefu zaidi kuhusu ndoa niliyoyasoma kwa makini miaka hii miwili hayakutoka kwa mwandishi wa riwaya. Yametoka kwa serikali ya Uingereza. Yanaitwa Appendix FM, kiambatisho cha kanuni za uhamiaji kinachohusu familia, na yana pacha wake, Appendix FM-SE, anayeorodhesha ushahidi unaotakiwa. Ukitaka kumfuata mumeo au mkeo aliye raia wa Uingereza, au aliye na kibali cha kuishi huko daima, haya ndiyo yatakayoamua kama mtalala chini ya paa moja. Mawakili huyasoma kama sheria. Mimi kazi yangu ni kusoma hadithi na tamthilia, na nimeyasoma kwa jicho hilo hilo: mhusika mkuu ni nani, nani amenyamazishwa, wakati unapitaje, na mtunzi anaamini nini kuhusu mapenzi hata pale ambapo hasemi.

Kuna watakaouliza, kwani karatasi za viza zina fasihi gani? Si tumezoea kuhakiki nyimbo za harusi, mawaidha ya somo kwa mwari na maneno ya washenga mlangoni? Hayo yote tunayaita fasihi kwa sababu yanatuonyesha jamii inavyoitazama ndoa. Kanuni hizi nazo ni aina ya posa. Tofauti ni kwamba anayebishiwa hodi si baba wa binti, ni dola.

Hesabu kwanza

Bila hesabu huwezi kuelewa ploti, kwa hivyo tuanze nayo. Tarehe 9 Julai 2012 Uingereza ilianza kudai kwamba mtu anayemleta mwenzi wake kutoka nje awe na kipato cha angalau pauni 18,600 kwa mwaka. Kukiwa na mtoto anayehitaji viza kiwango kilipanda hadi 22,400, na pauni 2,400 kwa kila mtoto wa ziada. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kikaruka hadi 29,000, nyongeza ya watoto ikaondolewa kwa waombaji wapya. Desemba 2023 serikali ya wakati huo ilikuwa imetangaza kwamba ingekifikisha 38,700. Serikali ya Labour iliyoingia Julai 2024 ilisimamisha mpango huo, ikaiomba kamati ya washauri wa uhamiaji ipime upya. Ripoti ya kamati hiyo ya Juni 2025 ilijadili viwango vilivyo chini ya 29,000, na ikakosoa ile 38,700 kwa kuwa ilichukuliwa kutoka viza ya wafanyakazi wenye ujuzi, viza yenye lengo lingine kabisa.

Sasa weka namba hizi kando ya mtu. Kima cha chini cha mshahara wa mtu mzima nchini Uingereza kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mtu akifanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki zote 52, anapata kama 25,400. Anayeosha wazee, anayepanga bidhaa ghalani, anayefagia hospitali usiku, huyo hajafika. Ili afike lazima afanye kama saa 46 kila wiki bila kukosa hata moja.

Kuna mlango wa pili, akiba. Hapa ndipo mtunzi wa kanuni anaonyesha ufundi wake. Pauni 16,000 za kwanza za akiba yako hazihesabiwi hata kidogo, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha akiba kinachomnyima mtu misaada ya serikali. Kinachozidi hapo kinagawanywa kwa miaka miwili na nusu. Kwa hivyo yule aliyepungukiwa na pauni 3,600 kwa mwaka anatakiwa azidishe pengo lake mara mbili na nusu, apate 9,000, kisha aongeze zile 16,000. Jumla ni 25,000, zaidi ya shilingi milioni nne za Kenya. Asiye na mshahara kabisa anahitaji akiba ya pauni 88,500. Bado hatujataja ada: pauni 1,938 za maombi kutoka nje ya nchi kuanzia Aprili 2025, na tozo ya afya ya pauni 3,105 kwa viza ya miezi 33. Halafu baada ya hiyo miezi 33 unaomba tena.

Uingereza haiko peke yake. Thailand humtaka mume mgeni wa raia wake aonyeshe baht 400,000 benki au kipato cha baht 40,000 kwa mwezi. Marekani humtaka mdhamini awe na kipato cha asilimia 125 ya kiwango chao cha umaskini, ingawa inaruhusu mtu mwingine aje asimame kando yake kama mdhamini mwenza. Nimeshikilia Uingereza kwa sababu ndiyo iliyoziandika kanuni zake kwa urefu na ukamilifu wa kutisha, na kwa sababu Wakenya wengi wamefungamana nayo kwa kazi na kwa ndoa.

Mstari mmoja wa mapenzi

Mhakiki hupenda kuangalia uwiano. Mwandishi akitumia kurasa kumi kueleza gari na mstari mmoja kueleza kifo cha mama, unajua moyo wake uko wapi. Katika Appendix FM, kifungu E-ECP.2.5 kinasema wawili hao wawe wamewahi kuonana ana kwa ana. Kifungu kinachofuata, E-ECP.2.6, kinataka uhusiano wao uwe wa kweli na unaoendelea. Basi. Baada ya hapo tunaingia sehemu ya fedha, na fedha hazimaliziki: kazi ya mshahara, kazi isiyo ya mshahara, kujiajiri, kodi ya nyumba unayopangisha, pensheni, akiba. Kila aina ina karatasi zake, kila karatasi ina tarehe zake. Pesilipi za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, na kila mshahara ulioandikwa kwenye pesilipi uonekane ukiingia benki.

Haikuwa hivi siku zote. Kabla ya Juni 1997 Uingereza ilikuwa na kanuni nyingine iliyomtaka mwombaji athibitishe kwamba lengo kuu la ndoa yake halikuwa kuingia nchini. Ilikuwa kanuni katili, na iliwaumiza sana waume kutoka Bara Hindi. Afisa aliuliza kuhusu nia, kitu ambacho hata wanandoa wenyewe hawawezi kukipima. Lakini angalau ilidhani ndoa inakaa moyoni. Kanuni ya 2012 imeacha moyo na kuhamia mfukoni. Wapo wanaoona haya ni maendeleo, manake namba haina ubaguzi. Mimi sikubaliani nao. Namba hii inajua sana inachagua nani. Wanawake kwa wastani hulipwa kidogo kuliko wanaume, kijana hulipwa kidogo kuliko mtu wa miaka 45, na Newcastle mishahara si ile ya London. Raia wawili wanaweza kupenda kwa uzito uleule, mmoja akaruhusiwa kuishi na mwenzake na mwingine akaambiwa asubiri.

Mhusika asiyehesabiwa

Tungo hii ina wahusika wawili wakuu, mdhamini na mwombaji. Mdhamini yuko Uingereza. Mwombaji yuko nje, tuseme Mombasa. Kwa wenzi wanaoomba kutoka nje, kipato cha kazi cha mdhamini kinahesabiwa. Kipato cha kazi cha mwombaji huko aliko hakihesabiwi. Awe daktari, awe mwenye matatu tatu, akifungua ukurasa wa fedha anakuwa mtu asiye na kitu.

Nimeliona hili likifanya kazi. Binti wa shangazi yangu ana duka la leso na vitenge Mombasa, duka alilolijenga kwa mkono wake kwa miaka tisa. Mumewe ni raia wa Uingereza mwenye asili ya huku huku kwetu, mhudumu wa nyumba ya wazee katikati ya nchi ile. Ukihesabu kwa haki, kuna miezi mke humshinda mume. Waliponiita nisaidie kupanga faili, kwa kuwa mimi ndiye “msomi wa karatasi” wa ukoo, alikuwa ameweka juu kabisa vitabu vya mauzo ya duka, leseni ya kaunti na risiti za kodi.

“Hizi toa,” nilimwambia.

“Nitoe vipi, kaka? Hii si ndiyo kazi yangu?”

“Ni kazi yako. Lakini hapa haiongezi hata pauni moja.”

Shangazi alikuwa ameketi pembeni akisikiliza. “Basi waandikie barua,” akasema. “Sema sisi ukoo mzima tunamsimamia huyu mwana. Nyumba ipo, duka lipo, watu wapo.”

“Shangazi, kwa kawaida ahadi ya ukoo hawaihesabu.”

Alinitazama kwa muda. “Kwani hao wenzetu huoana vipi?”

Swali hilo ni uhakiki kamili. Kanuni hizi zina dhana ya ndoa ambayo hazijaitamka: ndoa ni mtu mmoja mwenye mshahara na mtu mmoja anayelishwa. Uchumi wa nyumba unapita kwenye mkono mmoja. Nani huishi hivyo? Hata huko Uingereza kwenyewe nyumba nyingi husimama kwa mishahara miwili.

Hapa Buchi Emecheta anatufaa. Katika riwaya yake ya 1974, Second-Class Citizen, Adah anafanya kazi katika maktaba ya ubalozi wa Marekani mjini Lagos. Mshahara wake ndio unaomtuma Francis, mumewe, Uingereza kusoma, na unawalisha wakwe pia. Kisha Adah anapanda meli kumfuata. Wasomaji wengi tumezoea kuisoma riwaya ile kama hadithi ya mwanamke anayekandamizwa na mume na ubaguzi wa London, na hiyo ni kweli. Lakini isome tena ukiwa na Appendix FM mezani. Adah ndiye nguzo ya fedha katika ndoa ile. Mchukue Adah wa leo, mpe mume raia wa Uingereza mwenye kazi ya kima cha chini, na mshahara wake wa Lagos, uliojenga kila kitu, utahesabiwa sufuri. Emecheta alionyesha jinsi nchi ile ilivyomfanya raia wa daraja la pili baada ya kufika. Kanuni za leo zinaifanya kazi hiyo kabla hajapanda chochote.

Pesa lazima ilale

Kila tungo ina wakati wake. Wakati wa tungo hii ni miezi sita. Katika njia ya kawaida mshahara uwe umedumu miezi sita kwa mwajiri yuleyule. Akiba iwe imekaa miezi sita mikononi mwenu. Kazi ya pili, ukiichukua ili kuziba pengo, nayo ikomae. Mume wa binti wa shangazi alichukua zamu za usiku wa Jumamosi ghalani, na tangu siku hiyo familia mbili, moja huku na moja huko, zikaanza kuhesabu miezi kama watu wanaosubiri mtoto.

Kuhusu zawadi na mkopo, kanuni zina msimamo ambao mtu wa kwetu lazima acheke kwanza kabla ya kukasirika. Pesa ya zawadi inakubalika kuwa akiba, ilimradi imelala kwako miezi sita na ni yako kwelikweli. Pesa ya mkopo haikubaliki. Sasa niambie, mchango wa harambee ni zawadi au ni mkopo? Mwanachama wa chama akipokea zamu yake, amepewa au amekopeshwa na wenzake ambao atawalipa mwezi kwa mwezi? Aliyekuchangia harusi ana daftari kichwani, na harusi ya mwanawe ikifika utalipa, tena kwa nyongeza. Jamii zetu zimejenga taasisi nzima katikati ya zawadi na mkopo, na ndizo zinazooza vijana wetu, lakini katika lugha ya Appendix FM-SE mahali hapo pa katikati hapana jina. Pesa ya M-Pesa iliyoingia vipande vipande kutoka kwa watu 40, kila mmoja na neno lake la heri, itatakiwa ieleze imetoka wapi.

Mapenzi yaliyohaririwa

Nilisema mapenzi yamepewa mstari mmoja. Matokeo yake ni ya ajabu. Kwa kuwa fedha zimeelezwa karatasi kwa karatasi na mapenzi hayakuelezwa, watu huogopa, na mtu aliyeogopa hujaza. Wanandoa huchapisha mazungumzo ya simu, picha za harusi, tiketi za ndege, risiti za hoteli ya Diani. Wanageuka waandishi wa riwaya ya maisha yao, na msomaji wao ni afisa mmoja wasiyemjua.

Niliketi na binti wa shangazi tukichagua mazungumzo yao ya kuchapisha. Kulikuwa na siku walizogombana vikali kuhusu pesa aliyomtumia mama mkwe. Akazipita. Kulikuwa na wiki mbili hawakusemezana. Akazipita pia. Zilizobaki ni “umekula?”, “nimefika salama”, “nimekumiss”. Mimi mhakiki nilijua kwamba ugomvi ule ndio uliokuwa ushahidi bora wa ndoa ya kweli. Watu wanaoigiza ndoa hawagombani usiku wa manane kuhusu mama mkwe. Lakini nani athubutu kumpa afisa ugomvi? Kanuni inayodai ukweli imewafundisha wawili hawa kuandika hadithi ya bei rahisi kuliko maisha yao.

Abdulrazak Gurnah alituonyesha ugonjwa unaofanana na huu katika Admiring Silence, riwaya ya 1996. Msimulizi wake, Mzanzibari anayeishi Uingereza na mwanamke Mwingereza, hutunga hadithi za kwao ili kumridhisha mwanamke huyo na baba yake, na wakati uleule huwaficha wazazi wake kule nyumbani kwamba mwanamke huyo yupo. Tumezoea kumsoma kama mwongo, mtu aliyepotea kati ya nchi mbili. Nikimsoma sasa naona mtu aliyejifunza kwamba kila upande unataka hadithi yake, naye anaitoa. Faili ya viza ni hadithi ya aina hiyo, tofauti yake ni kwamba inalipiwa ada.

Hatimiliki ukutani

Lakini tungo iliyonisaidia zaidi kuelewa kanuni hizi haikutoka kwa wahamiaji. Ilitoka Kamirithu, Limuru, mwaka 1977. Ni tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda, inayojulikana kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda. Kĩgũũnda na mkewe Wangeci wana ekari moja na nusu, na hatimiliki yake imetundikwa ukutani. Wameoana kwa mila, wana watoto, ndoa yao haina shaka. Tajiri Kĩoi na wenzake wanakuja kuwaambia kwamba ndoa hiyo haitoshi, wafunge nyingine kanisani. Harusi ya kanisani inahitaji pesa. Kĩgũũnda anachukua mkopo, hatimiliki inakuwa rehani, na shamba linapotea.

Angalia muundo. Kuna ndoa iliyopo tayari. Anakuja mwenye nguvu, anasema ndoa hii haijakamilika mpaka ilipiwe kwa namna ninayoitambua mimi. Wenye ndoa, kwa mapenzi na kwa aibu, wanauza kilichowaweka hai. Watunzi wale wawili waliona kwamba kutambuliwa kunaweza kuwa biashara, na kwamba anayepanga bei ya kutambuliwa hapotezi kitu. Binti wa shangazi alifikiria kuuza duka ili waongeze akiba. Nilipomfanyia ile hesabu ya pauni 16,000 zisizohesabiwa, alinyamaza. Duka zima lingeuzwa, na sehemu kubwa ya bei yake ingeingia kwenye shimo la sufuri. Hakuuza. Kĩgũũnda hakuwa na mtu wa kumfanyia hesabu.

Na mahari yetu je?

Nasikia pingamizi, na ni la haki. Sisi tunaolalamika, si ndio tunaowadai vijana ng'ombe, matangi ya maji, blanketi na mafungu ya pesa hadi wengine wanaishi “kuja tukae” miaka kumi kwa kuogopa mazungumzo? Ndiyo. Yapo majadiliano ya mahari niliyohudhuria yaliyonuka biashara, na wazee walioangalia kazi ya kijana kabla ya kuangalia sura yake. Sitaki kupamba.

Tofauti iko katika umbo. Mahari hujadiliwa. Mshenga huenda na kurudi, bei hupanda na kushuka, mjomba hukasirika kisha hubembelezwa, na kijana akipungukiwa hupewa muda. Kwa Wakikuyu ruracio haikusudiwi imalizwe siku moja, deni lenyewe ndilo linaloshika koo mbili pamoja. Katika Uislamu mahari ni haki ya mke mwenyewe, si ya baba wala ya serikali. Na sheria ya ndoa ya Kenya ya 2014, kifungu cha 43, inasema kwamba pale mahari yanapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Wabunge wetu, kwa makosa yao yote, waliona kwamba pesa ni ishara ya ndoa na wala si kipimo chake.

Appendix FM haina mshenga. Haina “tutamalizia mbele”. Ukipungukiwa na pauni moja, kanuni inakuona umepungukiwa sawa na aliyepungukiwa na elfu kumi. Kesi ya MM (Lebanon) ilipofika Mahakama ya Juu ya Uingereza, hukumu ya tarehe 22 Februari 2017 ilisema kiwango chenyewe ni halali ingawa kinaleta taabu kwa wengi, lakini kanuni hazikuzingatia ipasavyo maslahi ya watoto wala vyanzo vingine vya fedha. Agosti mwaka huo kikaongezwa kifungu kinachoruhusu vyanzo hivyo kutazamwa pale ambapo kukataliwa kungeleta madhara makubwa yasiyostahili. Kwa hivyo barua ya shangazi imepata upenyo, lakini upenyo wa dharura. Lazima kwanza uthibitishe kwamba mnaumia kupita kiasi. Kuumia kwa kawaida, kule kwa mke na mume kukaa mbalimbali mwaka mzima, hakutoshi.

Dola ina haki ya kuuliza kama wanaoingia watakula nini. Hilo silipingi. Ninachohoji ni swali lenyewe lilivyoundwa. Lingeuliza nyumba hii ya watu wawili, kwa mikono yote miwili na watu walio nyuma yao, itasimama? Badala yake linauliza huyu mmoja alilipwa ngapi. Na watoto wanazaliwa ndani ya swali hilo. Mwaka 2015 ofisi ya Kamishna wa Watoto wa England ilitoa ripoti kuhusu watoto wanaomjua mzazi mmoja kupitia Skype. Hao sasa ni vijana, na sijaona hadithi yao kwa Kiswahili.

Pengo letu

Hilo ndilo linanirudisha kwa waandishi wetu. Riwaya ya uhamiaji ya Kiafrika imeipenda sana ndoa ya uongo. Katika Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie, Obinze anakamatwa Newcastle siku ya harusi ya kupangwa, na sura zile zina nguvu. Lakini ndoa ya uongo ina msisimko wake tayari: kuna siri, kuna polisi. Ndoa ya kweli inayofeli hesabu haina mhalifu. Ina mhudumu wa wazee aliyechoka, mwenye duka anayefungua saa mbili asubuhi, na simu inayoita saa sita usiku. Kwa mwandishi mvivu hapo hakuna ploti. Afisa wa uhamiaji na mwandishi mvivu wanakutana hapo: wote wawili wanamtafuta tapeli, na asiye tapeli hawajui wamfanye nini.

Mimi ningependa kusoma tamthilia ya kikao kimoja. Jukwaani mkeka, birika la chai, ukoo umekusanyika kama siku ya posa. Mshenga ameleta faili badala ya kanga. Shangazi anauliza maswali, kijana aliye ughaibuni yuko kwenye skrini ya simu iliyoegemezwa kwenye sukari, mtandao unakatika kila anapofika kwenye jambo la maana. Wanajumlisha. Wanakosa pauni 40. Mjomba anasema nitatoa mimi, na mtu inabidi amweleze kwa nini pesa yake haiwezi kutolewa leo, mpaka ilale miezi sita. Waigizaji sita, mazungumzo ya kawaida, na hesabu iwe sahihi hadi senti ya mwisho. Atakayeiandika aniletee, nitaihakiki kwa furaha.